Je, matatizo baada ya upasuaji wa Crohn yanaweza kutabirika?

Swali: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 27 na anaugua Crohn, ugonjwa sugu wa uvimbe na vidonda kwenye utumbo. Sehemu ya mwisho ya utumbo wake mwembamba imebana, na picha ya CT imeonyesha jipu la sentimita 5 pembeni yake. Anameza prednisoloni miligramu 30 kwa siku. Albumini yake ni gramu 26 kwa lita, himoglobini 8.9, na ndani ya miezi mitano ameshuka kutoka kilo 62 hadi 51. Tulidhani atapasuliwa wiki hii, lakini daktari wa upasuaji amesema tusubiri kama wiki sita. Nilijaza kikokotoo cha mtandaoni, kikaniambia uwezekano wa matatizo ni asilimia 22. Inawezekana kweli kujua mapema? Na huko kusubiri si kumzidishia ugonjwa? — Dada mtu, Mombasa

Jibu: Marahaba dada, na pole sana kwa kuuguza.

Inawezekana kujua mapema, ila kwa kiasi. Daktari wenu ameshatabiri: jipu, prednisoloni (dawa ya kundi la steroidi), albumini 26 (protini kuu ya damu) na kilo 11 zilizopotea ndizo dalili zinazotuambia kwamba utumbo ukikatwa na kuunganishwa leo, maungio yana nafasi kubwa ya kuachia. Hizo wiki sita amezitaka ili aupunguze uwezekano huo kabla hajashika kisu. Kwa hiyo msizihesabu kuwa siku za kukaa bure. Zikitumika vizuri, ni sehemu ya tiba yenyewe.

Kwanza tujue tunatabiri nini, maana neno "matatizo" limebeba mengi. Katika operesheni hii daktari huondoa kipande kilichobana mwishoni mwa utumbo mwembamba pamoja na mwanzo wa utumbo mpana, kisha huunganisha ncha mbili zilizobaki. Kidonda cha nje kinaweza kutunga usaha. Utumbo unaweza kulala siku kadhaa, mgonjwa akawa anatapika na hatoi hewa. Damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu. Na kubwa kuliko yote, maungio yanaweza kuvuja, kinyesi kikamwagika ndani ya tumbo. Madaktari wengi hupanga uzito wa matatizo kwa ngazi tano za Clavien-Dindo, zilizotolewa mwaka 2004. Ngazi ya kwanza humalizwa kwa dawa ndogo za kawaida, ya tatu humrudisha mgonjwa mezani au kumtoboa tena kwa ajili ya mrija, na ya tano ni kifo. Asilimia 22 yako haisemi ni ngazi gani. Huenda sehemu kubwa yake ni kidonda kilichotoa usaha kikasafishwa na kupona.

Jambo jingine kuhusu namba hiyo ni mahali ilikotoka. Kikokotoo kinachotumika sana, cha Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani, kilielezwa mwaka 2013 kutokana na taarifa za wagonjwa zaidi ya milioni 1.4 wa hospitali 393, wa upasuaji wa kila aina. Kiliuliza umri, uzito, kisukari, sigara, steroidi na mengine kama hayo, lakini si albumini, wala kama ndani ya tumbo kuna jipu au fistula, yaani njia isiyo ya kawaida inayotoboka kutoka utumbo hadi kiungo kingine au ngozi. Yaani mambo mawili yanayonitia wasiwasi zaidi juu ya mdogo wako hayakuwa ndani ya hesabu. Tena asilimia 22 ni habari ya kundi: katika watu mia wanaofanana naye kwa vile vilivyoulizwa, 22 walipata tatizo na 78 hawakupata. Yeye yuko upande gani, namba haijui.

Kwa Crohn peke yake kuna kipimo cha zamani ambacho bado nakiona cha maana kwa sababu ni chepesi na kinagusa mambo yanayobadilika. Mwaka 2000 madaktari wa Birmingham, Uingereza, walichapisha hesabu ya operesheni 566 kwa wagonjwa 343. Walitaja mambo manne yaliyoongeza usaha na kuvuja ndani ya tumbo: albumini chini ya gramu 30 kwa lita, matumizi ya steroidi, jipu lililokutwa wakati wa upasuaji, na fistula iliyokutwa wakati huohuo. Asiyekuwa na hata moja alikuwa na uwezekano wa asilimia 5. Mwenye moja, asilimia 16. Mwenye mawili, 14. Mwenye matatu, 29. Mwenye yote manne, 50. Unaona mwenye mawili yuko chini kidogo ya mwenye moja? Namba za wagonjwa halisi hazipandi kama ngazi za nyumba, na yeyote anayekusomea asilimia hadi nukta ya desimali anakupa uhakika ambao haupo. Halafu hizo ni takwimu za kabla dawa za kibayolojia, kama infliksimabu na adalimumabu, hazijaenea. Lakini mwelekeo wake uko wazi: mdogo wako leo ana matatu kati ya manne, na yote matatu yanaweza kupunguzwa.

Tuanze na jipu, kwa sababu hilo lisipotolewa mengine hayasogei. Jipu la sentimita 5 kwa kawaida hutolewa usaha kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye ngozi huku daktari akiongozwa na ultrasound au CT, pamoja na antibiotiki za kutibu vijidudu vya utumbo. Nyumbani au wodini, andikeni kila siku mfuko umejaza mililita ngapi na rangi gani. Usaha mzito wa njano unaopungua na kugeuka majimaji mepesi ni habari njema. Ukibadilika ukawa wa kijani au kahawia wenye harufu ya kinyesi, maana yake shimo la jipu linawasiliana na utumbo, na daktari anatakiwa ajue siku hiyohiyo. Mrija ukikauka ghafla huku homa inapanda, usishangilie. Mara nyingi umeziba au umechomoka mahali pake. Hautolewi kwa kuwa mgonjwa amechoka nao. Hutolewa pale unapotoa chini ya mililita 10 hivi kwa siku na picha ikaonyesha shimo limefunga.

Sasa albumini, ambayo familia nyingi huielewa vibaya. Watu wakisikia iko chini humlisha mgonjwa mayai sita kwa siku, au huomba atundikiwe chupa ya albumini. Ini hutengeneza albumini, na mwili ukiwa kwenye uvimbe na usaha, ini hupunguza kazi hiyo na kuanza kutengeneza protini nyingine za kupambana, CRP ikiwemo. Kwa hiyo gramu 26 inasema mambo mawili kwa pamoja: mwili hauna akiba, na moto ndani haujazimwa. Chupa ya albumini hupandisha namba kwenye karatasi kwa siku chache bila kugusa lolote kati ya hayo. Kinachoipandisha kweli ni usaha kutoka, uvimbe kupoa, na chakula cha kutosha kuingia.

Chakula chenyewe kina hesabu. Mgonjwa wa aina hii huhitaji kilokalori 30 hadi 35 kwa kila kilo kwa siku, na protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo. Kwa kilo 51 ni kama kilokalori 1,530 hadi 1,785, na protini gramu 61 hadi 77. Njia inayopendelewa pale utumbo umebana ni lishe kamili ya majimaji peke yake, bila chakula kingine, kwa wiki 4 hadi 6. Ile yenye kilokalori moja kwa mililita, atahitaji kama lita moja na nusu hadi moja na robo tatu, yaani vikombe vinane au tisa vya mililita 200, akinywa kidogokidogo mchana kutwa. Asipoweza kumaliza, mrija wa puani usionekane kuwa ni adhabu. Usiku mmoja unapitisha kile ambacho mdomo umeshindwa siku nzima. Lishe hii hulisha na pia hutuliza uvimbe wa Crohn wenyewe, ndiyo maana mara nyingi huruhusu steroidi zipunguzwe. Bei yake ni nzito, najua. Ikiwa hamwezi ya siku nzima, mwombeni mtaalamu wa lishe apange nusu kwa nusu na vyakula laini: uji uliochujwa, mayai, samaki asiye na miiba, mtindi kama haumsumbui. Makande, mahindi ya kuchoma, matembele, sukuma wiki na nyama ngumu zenye nyuzi ziwekwe kando, kwa sababu nyuzi zake hunasa mahali palipobana.

Lakini msimlishe kwa pupa! Amepoteza karibu asilimia 18 ya uzito wake. Aliyepoteza zaidi ya asilimia 15 yuko kwenye hatari ya mwili kuvurugika chakula kinaporudi ghafla: fosfeti, potasiamu na magnesiamu za damu huporomoka, moyo ukapoteza mapigo yake. Ushauri wa kawaida ni kuanza na kilokalori zisizozidi 10 kwa kilo kwa siku, kwake ni kama 510, kisha kupanda taratibu kwa siku 4 hadi 7. Vitamini B1 hutangulia kabla ya lishe yenyewe, na damu hupimwa mara kwa mara siku hizo za mwanzo. Wiki hiyo ya kwanza ningependa awe chini ya macho ya hospitali.

Prednisoloni ni ya tatu. Miligramu 20 au zaidi kwa siku kwa zaidi ya wiki sita huongeza wazi hatari ya maambukizi. Hudhoofisha ujenzi wa nyuzi za kolajeni zinazoshika maungio, na tena huficha dalili: tumbo lililochafuka linaweza kubaki laini na homa isipande, mkaja kugundua siku mbili baadaye. Kwa mpango wa kawaida wa kupunguza miligramu 5 kila wiki, wiki ya tatu atakuwa kwenye 15. Mpango huo autoe daktari wake. Asiache ghafla hata siku moja, kwa kuwa tezi zinazotengeneza homoni ya mwili inayofanana na dawa hii zimelala na presha inaweza kuanguka. Siku ya operesheni daktari wa usingizi ataamua kumpa haidrokotisoni, steroidi ya sindano, kwenye mshipa. Mkumbusheni kwamba mgonjwa alikuwa kwenye steroidi, na kwa muda gani.

Himoglobini 8.9 nayo isiachwe. Vidonge vya madini ya chuma havinyonywi vizuri uvimbe ukiwa umewaka, na huchafua tumbo; chuma cha mshipani hufanya kazi, na wiki sita zinatosha kuona matokeo. Kama anavuta sigara, aache sasa. Na maumivu yasitulizwe kwa diklofenaki au ibuprofeni za duka la dawa, kwa kuwa zinaweza kuamsha ugonjwa. Parasetamoli ni salama zaidi, na ikishindwa, daktari atafute nyingine.

Wasomaji wengi huniuliza pia kuhusu infliksimabu na adalimumabu, kwa hofu kwamba zikiwa mwilini kidonda hakiponi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 ulifuatilia wagonjwa 947 katika vituo 17. Waliotumia dawa za kundi hilo ndani ya wiki 12 kabla ya upasuaji walipata maambukizi kwa asilimia 18.1, wasiotumia, asilimia 20.2. Kuahirisha operesheni kwa sababu ya dawa hizo peke yake hakuna msingi. Steroidi ndizo za kuogopwa zaidi, ingawa watu huzizoea kwa kuwa ni vidonge vya bei nafuu.

Umeuliza kama kusubiri kutamzidishia. Kutamzidishia kama kunasubiriwa bila mrija, bila lishe na bila vipimo. Pia kuna hali ambazo hazisubiri kabisa: utumbo umetoboka na uchafu umesambaa tumboni, utumbo umefunga kabisa (anatapika, tumbo limejaa, hatoi kinyesi wala hewa), damu nyingi inatoka, au homa haishuki licha ya mrija na antibiotiki. Hapo anapasuliwa hivyo alivyo. Na kwa mtu wa hali hiyo utabiri hutumika kwa njia nyingine: daktari hukata kipande kibovu na haunganishi. Hutoa ncha ya utumbo juu ya ngozi ya tumbo, ndiyo stoma, na kuja kuunganisha baada ya miezi kadhaa mwili ukiwa na nguvu. Maungio ambayo hayapo hayawezi kuvuja. Familia zinaposikia stoma hulia kana kwamba upasuaji umeshindikana, na naielewa hofu hiyo, lakini kwa mwenye mambo matatu au manne yale ya Birmingham mara nyingi ndio uamuzi wa busara kuliko wote. Muulizeni daktari mapema: "Ukikuta nini ndani utaamua kutounganisha?" Na mwombeni sehemu ya stoma iwekwe alama kwenye ngozi kabla ya siku yenyewe, akiwa amekaa na akiwa amesimama, isije ikaangukia kwenye mkunjo au mstari wa mkanda.

Utabiri hauishii mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Ule wa baada ndio sahihi zaidi, na unategemea kipimo rahisi cha CRP. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti za upasuaji wa utumbo mpana uliochapishwa mwaka 2014 ulitoa mipaka hii: miligramu 172 kwa lita siku ya tatu, 124 siku ya nne, 144 siku ya tano. Aliye chini ya mpaka, uwezekano kwamba maungio hayavuji ni kama asilimia 97. Aliye juu hajathibitika kuwa anavuja, kwa sababu nimonia au kidonda chenye usaha pia huipandisha. Anahitaji kuchunguzwa vizuri, mara nyingi kwa CT. Kwa Crohn naongeza angalizo: kama CRP ilikuwa juu kabla ya kisu, tazameni mwendo wake. Ya siku ya nne iliyo juu kuliko ya siku ya tatu hainipi usingizi hata kama zote mbili ziko karibu na mpaka.

Nanyi mnaokaa kitandani kwake mna kazi ya kutazama. Mapigo ya moyo yanayobaki juu ya 100 akiwa ametulia mara nyingi hutangulia homa. Maumivu yanayopaswa kupungua yakaongezeka, tumbo kuvimba upya baada ya kuwa limeanza kushuka, au mgonjwa kuchanganyikiwa au kusema tu "sijisikii sawa" siku ya tano: semeni, na msione haya kusema mara mbili. Maungio yanaweza kuvuja hata baada ya mtu kuruhusiwa, kwa hiyo mjue mtampigia nani usiku.

Damu kuganda ni tatizo linalosahaulika. Wenye magonjwa ya uvimbe wa utumbo, kama Crohn, wana hatari yake mara mbili hadi tatu kuliko watu wengine, hata kijana wa miaka 27. Sindano ya enoksaparini ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida miligramu 40 kwa siku, hutolewa wodini, na wengi hushauriwa kuendelea nayo hadi wiki nne. Mguu mmoja ukivimba, au pumzi ikikatika ghafla, ni dharura.

Akitoka na stoma, pimeni inachotoa. Zaidi ya mililita 1,500 kwa siku ni nyingi, na figo zitaanza kuumia. Kosa la kawaida ni kumnywesha maji matupu au madafu kwa wingi; maji yasiyo na chumvi ya kutosha huvuta sodiamu ya mwili ndani ya utumbo na kutoka nayo, akawa anakunywa zaidi na kukauka zaidi. Punguzeni vinywaji hivyo hadi nusu lita au lita moja kwa siku, na mmtengenezee huu mchanganyiko: maji safi lita 1, glukosi gramu 20, chumvi gramu 3.5, bikaboneti ya sodiamu gramu 2.5. Utumie mizani au vipimo vya mfamasia, usikadirie kwa kiganja. Loperamaidi, dawa ya kupunguza mwendo wa utumbo, huongezwa na daktari, nusu saa kabla ya chakula.

Nikurudishe kidogo nyuma, kwenye utambuzi wenyewe. Kwetu pwani na Afrika Mashariki kwa jumla, kifua kikuu cha utumbo hupenda mahali hapohapo Crohn inapopenda, na kwenye picha hufanana. Ulizeni kama kiliondolewa kweli kwa vipimo, na hakikisheni kipande kitakachokatwa kinapelekwa maabara na TB inatafutwa ndani yake kabla hajaanzishiwa dawa yoyote ya kibayolojia.

(Kwa wasomaji wenye kolaitisi ya vidonda, ugonjwa ndugu wa Crohn unaoshika utumbo mpana: kwenu hesabu ni kinyume. Katika shambulio kali, kuchelewa ndiko kunakoleta matatizo. Kigezo cha Oxford cha mwaka 1996 kinasema kwamba siku ya tatu ya matibabu ya steroidi za mshipa, anayeenda haja zaidi ya mara 8 kwa siku, au mara 3 hadi 8 huku CRP ikizidi 45, ana uwezekano wa asilimia 85 wa kuhitaji utumbo mpana utolewe. Hapo dawa ya akiba au upasuaji huamuliwa haraka, bila kungoja wiki ya pili.)

Siku ya kuruhusiwa, ombeni nakala ya maelezo ya operesheni. Iseme zimekatwa sentimita ngapi na zimebaki ngapi. Zikikatwa zaidi ya 20 za mwisho wa utumbo mwembamba, vitamini B12 yake ipimwe kila mwaka na sindano zianze ikishuka. Zikibaki chini ya 200 kwa jumla, lishe na maji yake vitahitaji mtaalamu wa kudumu. Na kabla hamjaondoka, andikeni kwenye kalenda tarehe ya miezi sita mbele kwa ajili ya kolonoskopi (kutazama utumbo mpana kwa kamera), hata kama atakuwa ananenepa na kucheza mpira, kwa sababu Crohn hurudi kwenye maungio kimya kimya kabla mgonjwa hajasikia chochote.